Korongo Wenye Miguu Yao

Kitambaa cha harusi kilifika Bagira, mtaa wa Bukavu, siku ya Jumatatu, juu ya kichwa cha Tante Gisèle mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kukibeba. Kilikuwa cha kijani, na juu yake walichorwa korongo wakubwa wenye taji la manjano na miguu mirefu myembamba. Pande zote mbili kilikuwa na pindo la manjano. Wanawake wa ukoo walikipapasa, wakakinusa, wakakisifu. Halafu mmoja wao akakifunga kiunoni ili ajione, na hapo ndipo walipogundua kasoro. Korongo walikuwa safu mbili, na kila safu ilikanyaga pindo lake. Ukikifunga, safu ya chini inasimama vizuri, lakini ile ya juu inaning'inia kichwa chini, miguu hewani.

"Kiwanda ilikuwa imelewa," Tante Gisèle akasema. "Lakini nimekwisha kuleta. Tutavaa hivyo hivyo."

Hakuna aliyebisha. Bwana harusi alikuwa Héritier, mtoto wa marehemu kaka yake, na shangazi ndiye mwenye kuchagua nguo ya ukoo na ndiye mwenye kuigawa. Ugawaji huo una desturi yake ambayo kila mtu anaijua. Mwanamke mzima hupewa piesi nzima, yaani vipande vitatu vya kitambaa, vikwembe: kimoja cha blauzi, kimoja cha kufunga chini, na kimoja cha kufunga juu ya kile cha kwanza. Vile viwili vya kiunoni ndivyo vinavyomtangaza kwamba ni mtu mzima, hata kabla hajafungua kinywa. Mtoto wa kike hupewa kikwembe kimoja tu, kinachotosha robe, gauni la kipande kimoja.

Kwa Emérence, mama ya bwana harusi, Tante Gisèle aliweka mezani piesi nzima. Juu yake akaweka kikwembe kimoja kilichokunjwa.

"Hii ni yako, Mama Héritier. Na hii ya Aurore."

Emérence alishukuru kwa mikono miwili. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote.

Aurore alikuwa binti yake, dada mkubwa wa Héritier, mwenye miaka ishirini na sita. Alizaliwa na kimo kifupi. Mikono na miguu yake haikurefuka kama ya wenzake, na alipofikisha umri wa kuolewa kichwa chake kilikuwa bado kinafika kwenye kifua cha mama yake. Akili yake na ulimi wake havikupungukiwa kitu. Alisoma habari za asubuhi kwa Kiswahili kwenye redio moja ya mjini, na sauti yake ilikuwa nzito, tulivu, isiyo na haraka. Watu wengi wa Bukavu waliamka nayo kila siku. Wengi wao walimwazia mama mmoja mrefu mnene mwenye miwani.

Aliporudi kutoka kazini alikiona kile kikwembe kimoja mezani. Akakikunjua, akawatazama korongo, akakikunja tena vilevile.

"Jumamosi ya harusi niko na kazi," akasema.

"Kazi gani? Kaka yako anaoa."

"Kazi ya redio, Maman."

Akaingia chumbani. Emérence hakumfuata, maana aliijua sababu. Kwenye harusi ya mwisho ya ukoo, ya binti wa binamu, Aurore alikuwa amevaa robe aliyoshonewa na mama yake kwa kikwembe kimoja, yenye marinda na utepe uliofungwa mgongoni. Kijana wa protokole, mmoja wa wale wanaopokea wageni mlangoni, alimshika mkono bila kumuuliza jina, akampeleka kwenye mkeka wa watoto. Akampa biskuti, akamfungulia fanta, akamwekea na mrija. Aurore hakutaka kuharibu sherehe ya watu. Alikaa pale mpaka mwisho, kati ya watoto wa shule ya chekechea, na mmoja wao akalala kwenye mapaja yake. Kesho yake asubuhi alisoma habari kama kawaida.

Safari hii jambo lilikuwa kubwa zaidi. Papa Murhula, baba yao, alikuwa amefariki, na kwenye meza ya wazazi kiti chake kisingeweza kubaki wazi. Wajomba na baba wadogo walikuwepo, kila mmoja na suti yake. Lakini Héritier alikuwa amesema mbele ya wote kwamba kiti hicho anataka akalie Aurore, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kusoma na ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi. Aurore alifurahi siku ile mpaka akashindwa kula. Sasa anasema ana kazi.

Emérence alimwendea mlangoni.

"Kaka yako atatazama kiti kile, hatakuona," akamwambia.

"Na wageni wakiniona pale na robe ya utepe nyuma, watasema mutoto amepotea, mumutafutie mama yake." Aurore alisema bila hasira, kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Maman, sikatai harusi. Ninakataa ile mukeka."

Basi neno likabaki hapo. Emérence akalibeba kwenye rozari yake, asubuhi na jioni.

Emérence alikuwa fundi wa nguo. Alishona bila kusomea kwa miaka mingi kabla ya kuamua, nywele zikiwa zimeanza kuwa nyeupe, kwenda kujifunza upya. Sentri moja ya parokia ilifundisha ukataji na ushonaji saa za jioni, na yeye alikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote darasani. Kabla ya kufungua mkoba wake alifanya ishara ya msalaba, na wasichana waliokaa nyuma walizoea kumngojea amalize ndipo wamwombe chaki. Mwalimu wao, Papa Évariste, alikuwa na mtindo wake. Mara moja kwa juma aliwaonyesha filamu ya Kifaransa ukutani ili masikio yao yazoee lugha ya vitabu vya ushonaji, na kila baada ya kipande aliisimamisha akawafasiria kwa Kiswahili. Alichukua filamu yoyote aliyoazimwa. Waliwahi kutazama ya nyuki, na ya madaraja.

Juma lile alikuwa ameazimwa filamu ya maisha ya watu wa kweli, na watu hao walikuwa wa kimo kifupi. Alipotokea ukutani mwanamke wa kwanza, anavuka barabara ya mji fulani wa mbali na mkoba wake begani, wasichana wa nyuma wakacheka. Emérence alitazama mikono yake. Alifikiria kutoka nje, akisingizia kikohozi. Lakini yule mwanamke aliingia darasani, akapanda kwenye kijukwaa cha mbao mbele ya ubao, akaanza kufundisha hesabu, na wanafunzi wake warefu kama milingoti wakainama kuandika. Kicheko kikaisha chenyewe.

Halafu alitokea daktari, mwanamume mwenye sauti ya taratibu. Alizungumza kwa muda. Papa Évariste akasimamisha filamu, akakuna shingo.

"Anasema mara nyingi watoto hawa wanazaliwa na wazazi warefu," akafasiri. "Ni kitu kidogo sana kinachogeuka mwanzoni kabisa, mama hajajua hata kama ana mimba. Hakitokani na alichokula, wala alichobeba, wala alichokiwaza. Hakuna kosa ya mama."

Emérence aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Papa Évariste, rudilia tena pale."

"Pale pa mwanzoni?"

"Pale pa mwisho."

Akairudisha filamu. Daktari akasema tena, na Papa Évariste akafasiri tena, polepole zaidi, bila kumtazama mtu. Hakuna kosa la mama.

Aurore alipozaliwa, wazee wa upande wa mume walisema kwamba katika ukoo wao hakujawahi kuwa na mtu kama huyo. Hawakusema zaidi, wala haikuhitajika. Tangu siku ile Emérence alipekua miezi yake tisa kama mtu anayetafuta sindano iliyoangukia kwenye magodoro. Alikumbuka mfuko wa unga wa muhogo aliopanda nao mlima. Alikumbuka hata kilema mmoja wa sokoni ambaye yeye alimcheka alipokuwa bado msichana. Alikumbuka samaki fulani aliyemla. Kila jioni baada ya Salamu Maria ya mwisho aliongeza swali moja: Bwana, nilikosa wapi? Hakuwahi kumwambia Aurore habari ya swali hilo. Na sasa alikuwa amejibiwa kwenye ukuta wenye ufa, na mtu asiyemjua, na tafsiri ya Papa Évariste.

Machozi yalimtoka kimya kimya. Msichana aliyekaa kando yake alimpa kipande cha kitambaa cha mazoezi, akajifutia.

Lakini filamu ilikuwa haijamalizana naye. Kipande cha mwisho kilimwonyesha yule mwalimu wa hesabu anavaa asubuhi mbele ya kioo. Alivaa koti la kazi lililomkaa mwilini kama lilizaliwa naye. Mabega yalikuwa mahali pa mabega, na mikono iliishia kwenye vifundo vya mikono. Alijigeuza, akajipiga kiunoni kwa viganja, akasema jambo lililomchekesha mwenyewe. Papa Évariste naye akacheka kabla ya kufasiri.

"Anasema, 'Niko na kiuno. Mafundi walinishonea gunia miaka yote kwa sababu hakuna aliyekitafuta.'"

Darasa likacheka, safari hii pamoja naye. Emérence peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa wima, macho yameganda kwenye lile koti, na vidole vyake juu ya meza vilikuwa vinakunja kitu kisichokuwepo, vinakipinda na kukibana pini.

Alirudi nyumbani kabla giza halijaingia vizuri, anapanda njia ya Bagira kwa miguu ambayo siku zote ilimlalamikia. Siku hiyo haikumlalamikia. Njiani alikuwa anaona nguo. Aliona blauzi yenye shingo pana na mikono ya puto, na chini yake vikwembe viwili. Aliiona mbele na nyuma. Alipofika akachukua chaki, akachora kwenye sakafu ya saruji, akafuta kwa kisigino, akachora tena. Mchoro ulikataa kukamilika. Hakujua kipimo hata kimoja cha mwanawe.

Bagira nzima alikuwa amepima. Alijua mapaja ya wake za walimu na matumbo ya mashemasi. Ila Aurore, hakuwahi kumpima. Alichukua patroni, ile karatasi ya kukatia, ya mtoto wa miaka minane, akaipanua ubavuni, akakata chini, akaweka utepe mgongoni ili ivute kinachobaki. Na alifanya hivyo kwa upendo. Aurore alipokuwa mdogo, hospitali ilimpima kila mara. Wanafunzi wa udaktari walizunguka kitanda, mmoja akanyoosha utepe wa kupimia kwenye kichwa, kwenye mkono, kwenye paja, akitaja namba kwa sauti, na wenzake wakiandika. Siku moja Aurore, akiwa na miaka tisa, alichukua utepe wa mama yake wa kushonea akautupa chooni. Hakupigwa. Emérence alinunua mwingine, na akajiapia kwamba hautamgusa mtoto huyo kamwe. Aliitunza ahadi hiyo kwa uaminifu, na kumbe ndani yake alikuwa anashona magunia.

Asubuhi iliyofuata alikwenda misa ya kwanza. Aliporudi, Aurore alikuwa ametoka kusoma habari, amekaa jikoni anakunywa chai. Emérence akavuta kigoda, akakaa karibu naye, na utepe ukiwa bado mfukoni. Alimweleza habari za filamu, za mwalimu wa hesabu na kijukwaa chake, na za daktari. Alipofika kwenye maneno ya daktari, Aurore akaweka kikombe chini.

"Ulikuwa unafikiri ni weye?" akauliza.

"Nilikuwa ninauliza tu."

"Miaka yote hii?"

Emérence akatikisa kichwa kukubali. Aurore alinyoosha mkono wake mfupi, akamrekebishia mama yake kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimeharibika, na akaurudisha.

Ndipo Emérence akatoa utepe, akauweka mezani kati ya vikombe.

"Ninaomba kukupima. Ukikataa, nitaurudisha mufukoni na hatutausema tena."

Aurore aliugusa kwa ncha ya kidole. Nje jirani alikuwa anagombeza mbuzi.

"Unataka kupima nini?"

"Kiuno."

"Kiuno yangu iko wapi?"

"Sijui. Ndicho ninakitafuta."

Aurore alikaza midomo, akashindwa, akacheka ile sauti nzito ya redioni. Akasimama, akageuza mgongo. "Basi tafuta. Lakini usitaje namba kwa sauti."

Emérence alipima kimya. Aliweka ncha ya utepe kwenye mfupa wa shingo, akaushusha mpaka mahali mwili unapokunjwa, akabana kidole hapo. Akatazama. Akapima upya, akidhani amekosea. Kisha akaufunga ule utepe kwa pini mahali pale pale, akampa Aurore.

"Panda kwenye kigoda unipime na mimi. Kutoka shingoni."

Aurore akapanda, akashusha utepe kwenye mgongo wa mama yake. Pini ilifika kwenye kiuno cha Emérence bila kupungua wala kuzidi. Mgongo ulikuwa mmoja. Miaka yote, kwa wale waliouliza mtoto huyu ametoka wapi, jibu lilikuwa hapo, kati ya shingo na kiuno, na hakuna aliyeligusa.

"Mugongo hii ni yangu," Emérence akasema.

"Na miguu?"

"Miguu ni yako."

Aurore akashuka kwenye kigoda. Alikuwa anatabasamu, lakini hakutaka kujitoa kirahisi. Alisema mama yake ashone, na kwamba atajibu habari ya harusi siku atakapojiona kwenye kioo, si kabla.

Emérence akapeleka vipimo sentri. Papa Évariste alivipanga kando ya jedwali lake ambalo huanzia kifuani na kuhesabu vingine vyote kutoka hapo, na jedwali likakataa: kifua cha mama mzima, mkono wa mtoto. Alikiri kwamba naye hajawahi kufanya kazi ya namna hiyo. Akalifunga jedwali, akasema wachore kwa kufuata mwili wenyewe. Wasichana wa nyuma wakaja mbele. Walijaribu mikono ya puto kwa shuka kuukuu: ya kwanza ikafanana na ndizi, ya pili ikabana kwapa, na ya tatu ikakaa. Halafu wakalipanga lile fumbo la kitambaa. Blauzi ya Aurore ilitaka kikwembe chake, na kikwembe hicho hakikuwepo. Basi Emérence akaamua kutoa blauzi mbili kwenye kikwembe kimoja, yake na ya mwanawe. Aliacha marinda, akaacha kilemba. Kwa kuwa migongo ilikuwa ya kipimo kimoja, vipande vililala kichwa kwa miguu kama watu wawili kwenye kitanda chembamba, na vikaenea.

Vikabaki vikwembe vya kufunga, na hapo alikuwa peke yake nyumbani, mchana, mlango wazi. Alitandaza mezani kile kikwembe kimoja cha Aurore. Kilikuwa kirefu mno kwa miguu yake, na kilikuwa kimoja, si viwili. Akashika mkasi, na mkono ukaenda wenyewe mahali ulipozoea kwenda, upande wa chini. Mkasi ulikuwa umeshafungua mdomo juu ya korongo wa kwanza, katikati ya magoti, alipousimamisha.

Alikumbuka robe zote alizowahi kumshonea. Maua yasiyo na mashina. Samaki wasio na mikia. Pindo limekatwa na kutupwa kapuni. Kila nguo ya Aurore ilikuwa imeishia pale mkasi wa mama yake ulipopita.

Akaweka mkasi chini, akakikunja kikwembe katikati kwa urefu, pindo juu ya pindo, ili kwanza apate nafasi ya kufikiri. Mkunjo ukaangukia kwenye mstari wa kijani mtupu, kati ya safu mbili za korongo, bila kumgusa hata mmoja. Emérence akatazama. Akapima kwa utepe kutoka mkunjo mpaka pindo, akalinganisha na kiuno na kisigino cha Aurore. Kilitosha, na cha kupindia kilibaki.

Akakata kwenye mkunjo. Sasa alikuwa na vikwembe viwili vyembamba, kila kimoja na pindo lake la manjano, na aliposhika kile cha pili akakigeuza, korongo waliokuwa kichwa chini wakasimama kwa miguu yao.

Alipiga magoti pale pale, juu ya vipande vya nyuzi, akasali. Hakuuliza kitu.

Siku ya kujaribu, kioo cha nyumba kilikuwa kwenye msumari wake, mahali Papa Murhula alipokitundika kwa kimo chake mwenyewe. Emérence akakishusha, akakisimamisha kwenye kiti. Aurore akajitazama. Blauzi ilishuka kwenye mgongo ikakibana kiuno, kiuno kilichokuwepo siku zote. Kikwembe cha chini kilifika kwenye vifundo vya miguu, cha juu kikaishia magotini, na kwenye vyote viwili korongo walitembea kumzunguka, wazima. Akageuka. Akajipiga kiunoni kwa viganja, bila kujua kwamba mwanamke mwingine aliwahi kufanya hivyo.

"Utaomba ruhusa kwa redio?" Emérence akauliza kwa woga. "Ninaweza kwenda mimi kumwona mukubwa wako."

"Ruhusa niliomba tangu siku ile Héritier alisema habari ya kiti," Aurore akajibu. "Nilikuwa ninangojea nguo."

Jumamosi, baada ya misa, sherehe ilikuwa Mudaka, kwa wazazi wa bibi harusi, kwenye salle, ukumbi wenye maputo mlangoni. Aurore alitangulia, mama yake nyuma yake hatua kidogo. Kijana wa protokole, mwenye utepe mwekundu begani, alimwona kwa mbali. Akaanza kukunja magoti na kunyoosha mkono, vile watu wanavyomkaribisha mtoto. Emérence akashika rozari mfukoni.

Macho ya kijana yakashuka kwenye kikwembe cha juu, yakashuka kwenye kile cha chini. Magoti yakanyooka. Mkono ukarudi kifuani.

"Karibu, Maman," akasema. "Unakaa upande gani?"

"Kwenye kiti ya Papa ya bwana harusi," Aurore akajibu kwa sauti yake ya asubuhi. "Na unitafutie kitu ya kuweka miguu."

Kijana akainua macho. "Samahani, Maman. Ni weye wa redio?"

"Ni miye."

"Nilikuwa ninafikiri..."

"Mama munene mwenye miwani. Wote wananiambia."

Kijana akacheka kwa aibu, akakimbia, akarudi na kreti ya soda. Akaifunika kwa kitambaa cha meza kabla ya kuiweka chini ya kiti, na hakuna aliyemwambia aifunike.

Tante Gisèle alifika mbio, akiwa ameona kwa mbali kitu kisicholingana na ugawaji wake.

"Mama Héritier, nani amemupa piesi ingine?"

"Hakuna, wifi. Ni ile kikwembe moja ulileta."

Tante Gisèle akainama, akapima pindo kwa vidole, akatafuta mshono asiuone. Akazunguka nyuma. Akawatazama korongo wa Aurore, kisha akatazama kiunoni kwake mwenyewe, ambako safu nzima ilikuwa imening'inia miguu juu, na kwenye viuno vya wanawake wote wa ukoo waliojipanga kando ya ukuta.

"Kumbe sisi wote tumevaa korongo wenye kuanguka," akasema polepole. "Huyu peke yake korongo wake wamesimama." Akavuta pindo lake. "Unaweza kunikatia na miye hivi?"

"Haiwezekani, wifi. Weye uko murefu sana."

Tante Gisèle akacheka mpaka akashika bega la Aurore ili asianguke. Alipomaliza kucheka hakuliachia bega. Alimpeleka mwenyewe mpaka kwenye kiti cha kaka yake, akampisha akae, akamkunjulia pindo ili lionekane.

Bwana harusi alipoingia na bibi harusi wake, kwa hatua za kucheza, watu wakipiga vigelegele, macho yake yalikwenda kwanza kwenye meza ya wazazi. Yalitafuta, yakapata. Muziki ulipopunguzwa alikuja kupokea baraka, akapiga magoti kama inavyopasa mbele ya kiti cha baba. Alipopiga magoti uso wake ulilingana na wa dada yake. Aurore akaweka mkono kichwani pake na kusema maneno ambayo Papa Murhula angeyasema, bila kipaza sauti, na salle yote ikayasikia.

Emérence alikaa kwenye kiti cha pili, blauzi yake haina marinda, kichwa chake hakina kilemba cha harusi. Alitafuta ndani yake lile swali la kila jioni, kwa mazoea tu, hakulikuta. Ndipo akasikia kwamba viatu vinamuuma, na pengine vilikuwa vinamuuma tangu asubuhi. Akavivua chini ya meza, kimoja kimoja, akanyoosha vidole kwenye saruji ya baridi.